Dawa Iliyozaa Dawa: Kisa cha Presha Iliyokataa na Miguu Iliyovimba

Kisa hiki kimeandikwa kwanza kwa waganga, wauguzi, wafamasia na wauzaji wa maduka ya dawa, ingawa mgonjwa wa presha au mwanawe anaweza kukifuata bila shida. Jina, mji, tarehe na mengine yanayoweza kumtambulisha mhusika yameondolewa au kubadilishwa, na vituo alivyopitia havitajwi. Mgonjwa tutamwita Bi Z.

Mgonjwa mwenyewe

Bi Z. ni mama wa miaka 58 katika mji mdogo wa pwani ya Tanzania. Anapika na kuuza chakula, kazi inayomsimamisha mbele ya moto tangu alfajiri hadi baada ya adhuhuri. Anaishi na mwanawe wa kiume na mkwewe. Ana mwili mkubwa, magoti yamemuuma kwa miaka mingi, hana kisukari wala havuti sigara. Mama yake mzazi alifariki kwa kiharusi, na hilo lilimfanya aiogope presha kuliko maradhi mengine yoyote. Hofu hiyo itajitokeza tena huko mbele, kwa sababu mtu akiona kidonge hakimfai na huku anauogopa ugonjwa, hatulii: atatafuta msaada popote panapopatikana.

Presha yake iligunduliwa alipokwenda zahanati kwa ajili ya homa. Alipimwa, akaambiwa ni 172/100, akapewa losatani ya miligramu 50 mara moja kwa siku na kadi ya kliniki. Hakuna aliyemuuliza anatumia nini kwa ajili ya magoti. Jibu lingekuwa diklofenaki, miligramu 50 asubuhi na 50 jioni, anayoinunua mwenyewe dukani kwa vidonge vichache vichache.

Mfululizo wa matukio

Baada ya miezi miwili ya losatani presha ilikuwa 168/98. Kwenye kadi iliandikwa kwamba dawa haifanyi kazi, akabadilishiwa akapewa amlodipini ya miligramu 5. Mwezi uliofuata kipimo kilisoma 164/96, na dozi ikapandishwa hadi miligramu 10.

Wiki ya tatu ya dozi hiyo miguu ikaanza kuvimba. Ilikuwa yote miwili, kuanzia vifundoni, jioni zaidi ya asubuhi. Viatu vya kazini vikawa havimwingii. Alirudi kituoni, akabonyezwa kidole juu ya kifundo, shimo likabaki, na akaambiwa ana maji mwilini. Aliandikiwa dawa ya kukojoza, frusemaidi ya miligramu 40 kila asubuhi. Moyo wake haukusikilizwa, mkojo haukupimwa, na amlodipini iliendelea kwa dozi ileile.

Miguu ilipungua kidogo kwa siku chache, ikarudi. Safari hii frusemaidi ikawa mara mbili kwa siku.

Hapo ndipo maisha ya Bi Z. yalipoharibika kwa namna ambayo kadi ya kliniki haina mahali pa kuiandika. Anapofanyia kazi choo kipo mbali, na hawezi kuyaacha masufuria na wateja kila baada ya nusu saa. Usiku misuli ya vigimbi ilimkaza hadi akalia. Akiinuka ghafla, kizunguzungu. Muuza duka alimwambia misuli inayokaza inahitaji dawa ya maumivu, kwa hiyo diklofenaki ikawa tatu kwa siku, yaani miligramu 150. Mkwewe alikuwa na wazo lake: kwamba moyo wa mama umepanuka na watu wa kliniki wanamficha.

Basi Bi Z. akajipangia utaratibu. Siku za kazi na siku za shughuli aliacha dawa zote za kliniki, kwa kuwa kwake yeye hazikuwa dawa mbili tofauti bali kifurushi kimoja cha presha chenye kukojoza ndani yake. Siku mbili kabla ya kliniki alizirudia zote, asije akagombezwa. Mfamasia anayesoma hapa atakuwa anatikisa kichwa, maana wagonjwa wa namna hii anawajua kwa sura.

Jioni ya harusini

Kwenye harusi ya ndugu, akiwa na siku kadhaa bila kidonge chochote isipokuwa cha maumivu, Bi Z. aliangusha kikombe. Mkono wa kulia ulilegea, na maneno yakawa mazito kama ya mtu aliyelewa. Hali ilidumu kama dakika 40. Akinamama waliokuwapo walimlaza chumbani, wakamsomea dua, na taratibu ulimi ukafunguka. Kwa kuwa alipona, ikaonekana limekwisha.

Dua haina kosa hapa. Kiharusi cha kupita kina tabia moja mbaya: hupona chenyewe, kwa hiyo chochote kitakachofanywa saa ile, kiwe kisomo, maji ya baridi au kukandwa mkono, kitaonekana ndicho kilichoponya. Hatari ya kiharusi kamili huwa kubwa kuliko wakati wowote katika siku mbili zinazofuata, nazo ndizo siku ambazo mtu anajiona mzima. Aliyeokoa jahazi ni mkwewe, yuleyule wa habari ya moyo uliopanuka. Alikataa kulala, na alfajiri akamleta hospitali kwa bodaboda.

Tulimpokea asubuhi. Mkono ulikuwa na nguvu kamili, maneno yalikuwa safi. Presha kwa mkanda wa kawaida ilisoma 194/112. Muuguzi wa zamu aliutazama mkono wake akaupima kwa utepe: mzunguko wa sentimita 41. Mkanda wa kawaida wa watu wazima umetengenezwa kwa mkono usiozidi takribani sentimita 32. Aliazima mkanda mkubwa kutoka wodi ya upasuaji, akamkalisha dakika tano huku mgongo umeegemea kiti na mkono umelazwa mezani, akapima tena. Ilikuwa 178/104. Bado ni presha ya hatari, lakini tofauti ya pointi 16 ilitoka kwenye kitambaa na namna ya kupima tu.

Mfuko wa dawa

Mazungumzo yaliyofungua kisa hiki hayakuwa marefu.

"Shikamoo mama. Naomba nione dawa zote unazomeza, pamoja na zile ambazo hukuandikiwa na daktari."

"Marahaba mwanangu. Hizo za dukani si za presha lakini."

"Naziomba hizohizo."

Mkwewe aliumwaga mfuko wa nailoni mezani: losatani ya zamani iliyobaki, amlodipini, frusemaidi, na karatasi tatu za diklofenaki, moja ikiwa imebaki vidonge viwili. Bi Z. akasema, "Mie hii ya kukojoza imenishinda. Nikinywa sifanyi kazi, nisiponywa miguu inajaa. Sasa nifanyeje?"

Vipimo vya siku ile vilionyesha potasiamu ya 2.9, ilhali ya kawaida huanzia 3.5, na kreatinini, taka ambayo figo huiondoa kwenye damu, ilikuwa juu kidogo. Mkojo haukuwa na protini. Umeme wa moyo ulionyesha mdundo wa kawaida, na ukuta wa chemba ya kushoto umenenepa kwa sababu ya presha ya muda mrefu. Ultrasaundi ya moyo: moyo unasukuma vizuri. Mshipa wa shingo haukuvimba, mapafu yalikuwa safi, na ingawa miguu ilijaa aliweza kulala chali bila mto wa ziada. Alipelekwa hospitali kubwa zaidi kupigwa CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, siku hiyohiyo. Hakukuwa na damu iliyovuja, ila kulikuwa na makovu mawili madogo ya zamani katikati ya ubongo, pale ambapo vijishipa vyembamba vinavyochomoka moja kwa moja kutoka mishipa mikubwa huumizwa na presha kwa miaka bila mtu kuhisi lolote.

Kwa nini miguu ilivimba

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu kisa kizima kimejengwa juu ya swali hili.

Ateri ndogo zina misuli laini kwenye kuta zake. Misuli hiyo hukaza pale kalsiamu inapoingia ndani ya seli kupitia milango maalumu. Amlodipini huifunga milango hiyo, misuli inalegea, ateri inatanuka, presha inashuka. Vena hazitanuki kwa kiwango hichohicho. Fikiria nyumba ambayo mlango wa mbele umefunguliwa wazi na wa nyuma umebaki nusu: watu wanajazana ukumbini. Ukumbi huo ndio kapilari, mishipa ya kuta nyembamba kabisa. Shinikizo ndani yake linapanda, na maji yanavuja kuingia kwenye nyama za mguu. Mvuto wa dunia unafanya mengine, hasa kwa mtu anayesimama tangu alfajiri.

Ndiyo maana frusemaidi haikufaa. Dawa ya kukojoza hupunguza maji pale mwili unapokuwa nayo mengi kupita kiasi, kama katika moyo ulioshindwa kusukuma. Bi Z. hakuwa na maji mengi. Yake yalikuwa yamehama, hayakuongezeka. Kumkojoza kulimnyang'anya chumvichumvi na potasiamu kutoka kwenye damu, na chanzo cha kuvuja kikaachwa kama kilivyo.

Takwimu za amlodipini zinajulikana tangu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1992, na zimo kwenye karatasi ya maelezo ya dawa yenyewe. Kuvimba kulionekana kwa asilimia 3 ya waliotumia miligramu 5 na asilimia 10.8 ya waliotumia 10. Wanawake walivimba zaidi: asilimia 14.6 dhidi ya 5.6 kwa wanaume. Kwa maneno mengine, dozi inapoongezwa maradufu, uvimbe unaongezeka zaidi ya mara tatu. Faida kwa presha haiongezeki hivyo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2009, uliojumlisha majaribio 42 yenye watu takribani 11,000, ulionyesha kuwa kuongeza dawa ya pili ya kundi jingine hushusha presha karibu mara tano zaidi ya kuiongeza maradufu dozi ya dawa ya kwanza. Binafsi naona takwimu hii ingestahili kubandikwa ukutani katika kila chumba cha kliniki ya presha, kuliko nusu ya mabango yaliyopo.

Diklofenaki nayo ilikuwa na mkono wake. Dawa za kundi hili huzuia prostaglandini, kemikali ambazo figo huzitumia kutoa chumvi na kuweka mishipa yake wazi. Zikizuiwa, chumvi na maji hubaki, presha hupanda, miguu hujaa. Zaidi ya hapo, hupunguza nguvu ya losatani na ya dawa za kukojoza, wakati amlodipini huguswa kidogo tu. Kwa hiyo losatani iliyoandikwa kwenye kadi kwamba "haifanyi kazi" ilikuwa inapambana na dawa nyingine mwilini mwa mtu yuleyule. Mwaka 2013 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi mkubwa ulioonyesha kuwa diklofenaki ya dozi kubwa, miligramu 150 kwa siku, huongeza matukio makubwa ya moyo na mishipa kwa takribani theluthi moja. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Ulaya ilizuia isitumiwe na wenye ugonjwa wa moyo au waliopata kiharusi. Bi Z. alikuwa amefikia dozi hiyohiyo kwa ushauri wa dukani.

Maamuzi na sababu zake

Jambo la kwanza lilikuwa ubongo, miguu ingeweza kusubiri. Kwa alama zinazotumika kupima hatari baada ya kiharusi cha kupita, presha ilimpa 1, udhaifu wa upande mmoja 2, na muda wa dakika 40 ukampa 1. Jumla 4, yaani hatari isiyo ndogo. CT ilipothibitisha hakuna damu, akiwa bado ndani ya saa 24, alianzishiwa dawa mbili za kuzuia damu isigande, aspirini pamoja na klopidogreli, kwa siku 21, kisha aspirini peke yake. Kuziunganisha dawa hizo mbili kumetokana na jaribio la CHANCE la China, lililochapishwa 2013, na POINT la mwaka 2018. Aliongezewa atovastatini, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu. Ultrasaundi ya shingo haikuonyesha ateri iliyoziba.

La pili: kusimamisha frusemaidi na diklofenaki siku hiyohiyo. Diklofenaki, dawa ya kukojoza na losatani zikikutana kwa mtu mmoja, figo inabanwa kutoka pande tatu, na kreatinini yake ilikuwa imeshaanza kusema. Kwa magoti alipewa parasetamoli, jeli ya kupaka na mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Alikubali kwa shingo upande. Alipewa vidonge vya potasiamu kwa muda mfupi.

La tatu ndilo lililojadiliwa sana kwenye chumba cha zamu: amlodipini ifanywe nini? Mmoja wetu alitaka iondolewe kabisa, akisema mgonjwa ameshaichukia. Hoja iliyoshinda ilikuwa kinyume. Mwaka 2019 jaribio la CREOLE liliwafuata wagonjwa 728 Waafrika katika nchi sita, zikiwamo Kenya, Uganda na Msumbiji, likilinganisha jozi tatu za dawa kwa miezi sita na kupima presha kwa saa 24 mfululizo. Jozi mbili zilizokuwa na amlodipini zilishusha presha takribani pointi 3 zaidi ya jozi isiyokuwa nayo, na zenyewe kwa zenyewe hazikutofautiana. Kumwondolea mama huyu amlodipini kungekuwa kumnyima dawa yenye ushahidi mzuri kuliko zote kwa watu wa kwetu, kwa kosa la dozi.

Basi ikashushwa kutoka 10 hadi 5. Mwenzake awe nani? Dawa ya kukojoza ya kundi la thiazaidi ilikuwa chaguo halali kwa mujibu wa CREOLE, ila potasiamu ya 2.9 ilitufungia njia kwa wakati ule. Ikabaki losatani, ileile iliyofukuzwa mwanzoni. Iliporudi ilikuwa na kazi mbili. Kwanza, ikiwa na amlodipini pembeni na bila diklofenaki ya kuipinga, ingeweza kushusha presha. Pili, dawa za kundi lake hutanua vena pia, kwa hiyo shinikizo ndani ya kapilari hupungua na uvimbe hupungua nalo. Tuliichagua badala ya kundi la enalaprili kwa sababu hilo huleta kikohozi, na uvimbe wa ghafla wa midomo na ulimi, unaowapata zaidi watu weusi. Hata hivyo hatukuianza siku ya kwanza. Tulisubiri vipimo vya figo na potasiamu virudiwe baada ya wiki moja, vilipokaa sawa ndipo ikaingia.

Kidonge kimoja chenye dawa zote mbili ndicho tulichokitaka, kama Shirika la Afya Duniani linavyopendekeza katika mwongozo wake wa 2021. Stoo haikuwa nacho. Mwanawe aliulizwa kama anaweza kukinunua, akasema atajitahidi.

Uamuzi wa mwisho haukuwa wa dawa. Bi Z. aliombwa aeleze kwa maneno yake kidonge kipi ni cha nini, na kipi hakitakiwi kurudi mfukoni. Alikosea mara ya kwanza, akapatia mara ya pili. Mkwewe aliandika kwenye daftari, na akaahidi kila dawa mpya, iwe ya dukani au ya hospitali, ipite kwake.

Matokeo

Amlodipini hukaa mwilini muda mrefu. Nusu yake huhitaji saa 30 hadi 50 kuondoka, kwa hiyo tulimwonya mapema kwamba miguu haitapungua kesho. Wiki ya pili viatu vilimwingia asubuhi, wiki ya sita vikamwingia na jioni. Kukaza kwa misuli kuliisha kabla ya hapo, potasiamu ilipofika 4.1, na pamoja nako ikaisha sababu ya kununua dawa ya maumivu ya usiku.

Presha kwa mkanda mkubwa ilikuwa 148/88 wiki ya sita. Hilo halikutosha kwa mtu aliyekwisha kupata kiharusi cha kupita. Kwa kuwa potasiamu ilishatulia, aliongezewa indapamaidi ya dozi ndogo asubuhi, dawa ya kukojoza isiyomkimbiza chooni kama frusemaidi. Mwezi wa nne ilisoma 128/78. Kreatinini ilirudi mahali pake. Hakupata kiharusi kingine kwa muda wote tuliomfuatilia.

Haikuwa safari iliyonyooka. Katikati, mgongo ulimuuma, akaenda kituo kingine akiwa peke yake, akachomwa sindano ya diklofenaki na kupewa vidonge vya siku tano. Ndani ya wiki presha ilikuwa 156/94 na vifundo vimejaa. Safari hii hakuna aliyemwandikia dawa ya miguu. Mkwewe alipofungua mfuko aliiona karatasi ya vidonge, akaja nayo kliniki mkononi. Kile kidonge cha mchanganyiko nacho kilipatikana kwa miezi kadhaa kisha kikakosekana, akarudi kumeza vidonge viwili, na kuna mwezi alimeza kimoja tu akidhani ndicho kilekile cha zamani chenye vyote.

Uchambuzi

Ukiitazama kadi ya Bi Z. ukurasa kwa ukurasa, hukuti uamuzi hata mmoja wa kipumbavu. Presha haikushuka, dawa ikabadilishwa. Haikushuka tena, dozi ikapandishwa. Miguu imejaa, amepewa ya kukojoza. Kila mmoja alijibu kile alichokiona siku ile. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza kama dalili mpya imeletwa na dawa ya mwezi uliopita. Watafiti waliwaangalia wazee wa miaka 66 na zaidi huko Ontario, Kanada, wakachapisha mwaka 2020 kwamba walioanzishiwa dawa za kundi la amlodipini waliishia kuandikiwa dawa ya kukojoza mara nyingi zaidi kuliko walioanzishiwa dawa nyingine za presha. Huko kuna kompyuta inayoonyesha kila dawa aliyopewa mtu. Kwetu kuna kadi inayolowa mvua.

Kosa la mkanda nalitilia uzito kuliko wenzangu walivyolitilia. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulipima watu kwa mikanda ya saizi tofauti. Wale waliohitaji mkanda mkubwa kupita wote, yaani wenye mzunguko wa mkono kuanzia sentimita 40, walisomwa juu kwa pointi 19.5 walipofungwa wa kawaida. Mkono wa Bi Z. uko kwenye kundi hilo. Ile 164/96 iliyosababisha amlodipini kupandishwa hadi 10 huenda kwa kweli ilikuwa chini ya 150. Ingekuwa hivyo, bado angehitaji dawa ya pili, ila kusingekuwa na haraka ya kuongeza dozi. Mahali pa mkono pia pana hesabu yake: watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walionyesha mwaka 2024 kwamba mkono uliolazwa mapajani hupandisha kipimo cha juu kwa karibu pointi 4, na ulioning'inia kwa 6.5. Kwenye foleni ya kliniki, mkono wa mgonjwa uko mapajani, mara nyingi juu yake kuna mkoba.

Kilichofanya kazi zaidi ya kitu chochote kilikuwa kuomba mfuko wote uletwe. Swali "unatumia dawa gani?" lilikuwa limeulizwa mara nyingi kabla, na Bi Z. alilijibu kwa ukweli wake: dawa za presha. Za magoti hazikuwa dawa kwa hesabu yake, zilikuwa za maumivu. Muuzaji wa duka naye hajawahi kuambiwa na hospitali kwamba mteja huyu ana presha, na hakuna njia rasmi ya kumwambia. Daftari la mkwe lilijaza pengo hilo, lakini mpango wa afya unaotegemea mkwe mwenye bidii si mpango.

Kushusha amlodipini na kuiunganisha na dawa ya pili kulikuwa sahihi, na mwelekeo wa utafiti unazidi kwenda huko. Jaribio la VERONICA la Nigeria, lililochapishwa 2024 likiwa na watu 300, lilitumia kidonge kimoja chenye dawa tatu kwa dozi ndogo sana, kiwango cha chini kabisa kikiwa na amlodipini ya miligramu 1.25 tu. Presha iliyopimwa nyumbani ilishuka kwa pointi 31, dhidi ya 26 kwa waliofuata utaratibu wa kawaida. Dozi hizo ziko mbali na ile 10 iliyomvimbisha mama huyu. Tatizo la vidonge hivyo kwetu ni upatikanaji na bei, na kisa hiki kinaonyesha wazi kwamba kidonge kinachopatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao kinaweza kumchanganya mgonjwa zaidi ya viwili vya siku zote. Kama dawa ya mchanganyiko haina uhakika wa kufika, ningeanza na viwili tofauti na kumweleza vizuri.

Kuna jambo moja ambalo halikuguswa kabisa: kazi yake. Tulimshauri apate stuli na ainue miguu mchana. Alicheka. Mwenye kupika chapati mia haketi.

Pale ambapo maelezo haya hayafai

Si kila mguu uliovimba kwa mtu anayemeza amlodipini umevimbishwa na amlodipini. Uvimbe wa mguu mmoja, wenye joto au maumivu kwenye kigimbi, uchunguzwe kwa ajili ya damu iliyoganda ndani ya vena. Anayekosa pumzi akilala chali, au akiamka usiku kutafuta hewa, apimwe moyo kwanza. Uso uliovimba asubuhi, au mkojo wenye povu, ni wa kupimiwa protini na figo. Bi Z. alipimwa haya yote kabla frusemaidi haijasimamishwa, na kwa mgonjwa mwenye moyo ulioshindwa dawa hiyohiyo ndiyo inayomwezesha kulala. Mgonjwa anayesoma hapa na kuiona miguu yake asiache kidonge chochote kwa uamuzi wake. Aende kliniki na mfuko mzima, pamoja na karatasi za dawa zilizokwisha, na aombe kupimwa kwa mkanda unaomtosha mkono.